Barakoa ya CPAP (mashine ya kupulizia upepo usingizini) inavuja upepo usiku kucha, nimekaza mikanda mpaka pua imechubuka

Baba Rukia, Tanga

Assalaam alaikum, na shikamooni wakubwa zangu. Nimepekua mada za nyuma humu sikupata jibu la hili linalonisumbua, nimeona niulize.

Mimi ni dereva wa lori, miaka 51. Nabeba saruji kutoka hapa Tanga kupeleka Moshi na Arusha. Kukoroma nimekoroma tangu ujana, nyumbani walishazoea. Kilichomtisha mke wangu ni kile kimya. Anasema nakoroma, ghafla nanyamaza, kifua kinahangaika lakini pumzi haitoki, halafu nashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Alikuwa anakaa macho ananihesabia. Mimi nilipuuza mpaka siku moja, kati ya Mombo na Same, saa nane mchana jua kali, nikasinzia kwenye usukani. Nilizinduka tairi za kushoto zimeshashuka kwenye kokoto. Utingo alikuwa amelala pembeni yangu, hakujua chochote. Siku mbili sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikamwambia tajiri mwenyewe, akaniambia weka funguo mezani, nenda kapime kwanza. Namshukuru mpaka leo.

Nilipimwa Dar, unalala usiku mmoja na nyaya mwili mzima. Jibu likaja kwamba pumzi yangu inakatika au kupungua mara 41 kwa saa. Daktari akasema ikizidi 30 ni kali. Mdogo wangu aliyeko Muscat akaninunulia mashine, ikaja na mtu. Ni ile inayojirekebisha yenyewe, daktari akaiweka msukumo wa upepo kati ya 7 na 15. Barakoa iliyokuja nayo inafunika pua na mdomo, saizi kubwa kabisa, maana ukoo wetu wote tuna nyuso pana na mdogo wangu akaona bora izidi kuliko ipungue.

Sasa ni wiki ya tano. Saa mbili za mwanzo nalala vizuri mno, usingizi ambao sijaupata miaka mingi. Ikifika kama saa nane usiku mashine inapandisha msukumo, hapo ndipo balaa linaanza. Upepo unachomoka pembeni mwa pua unaingia machoni, jicho la kushoto linaamka jekundu kama nimepakwa pilipili. Chini, kwenye ndevu, inalia kama puto linalotolewa upepo. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Kitangi cha maji nakijaza hadi mstari, adhana ya alfajiri ikiita kishakauka. Asubuhi kioo cha mashine kinanionyesha kile kiuso chekundu kilichonuna.

Niliyojaribu: nimekaza mikanda, kila usiku kidogo zaidi ya jana. Pua imechubuka kwenye mfupa, sasa pana kidonda. Napaka vaselini kwenye kidonda na pembeni ya barakoa ili ishike. Na pale mbele kuna vitundu vidogo vidogo upepo unatoka muda wote. Juzi nimeviziba kwa plasta. Sauti ilipungua kweli, ila niliamka kichwa kinagonga.

Halafu ndevu. Ninafuga, ni sunna, zimeshuka chini ya kidevu kiasi cha ngumi moja. Kijana wa duka la vifaa tiba aliniambia ninyoe, hakuna njia nyingine. Roho yangu haitaki. Lakini nina watoto wanne na kazi yangu ni barabara, nikiambiwa na watu wanaojua kwamba hakuna njia nyingine, nitakaa chini nifikiri.

Naomba aliyepitia haya anisaidie. Ni saizi? Ni ndevu? Au hii barakoa ni mbovu?

---

Nesi wa Likoni, Mombasa

Waalaikum salaam kaka. Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kaibandue hiyo plasta kwenye vitundu. Sasa hivi, si usiku.

Vile vitundu si uvujaji. Vimewekwa makusudi ili hewa unayoitoa puani ipate njia. Ukiviziba, ile hewa chafu inabaki ndani ya barakoa na unaivuta tena na tena usiku kucha. Kichwa kilichokugonga asubuhi kilikuwa kinakuambia hivyo. Hata mashine inavijua: inakadiria kwa msukumo huu upepo kiasi gani lazima utoke pale, na kinachozidi hapo ndicho inachokiita kuvuja. Kwa hivyo usiguse vitundu, wala kile kipande laini kinachochezacheza karibu na pale unapoingilia mpira unaoleta upepo kutoka kwenye mashine. Hicho ndicho kinachokufungulia hewa ya chumbani umeme ukikatika.

La pili ni mikanda. Nimefanya wodi ya vifua miaka 14 na nimevalisha watu barakoa za namna hii hadi vidole vimejua vyenyewe. Chukua silikoni yako mkononi, yaani ile sehemu laini ya barakoa inayogusa uso, iangalie vizuri. Utaona ina ngozi mbili. Ya nyuma ni nene, na mbele yake kuna nyingine nyembamba kama utando ulio ndani ya ganda la yai. Kazi ya kuziba ni ya ule utando. Unajazwa upepo, unafura, unakumbatia uso na mabonde yake yote. Ukikaza mikanda unaukunja, unalala chini, na penye mkunjo ndipo upepo unapotokea. Basi unakaza tena, mkunjo unazidi, na hapo umefika kwenye kidonda.

Leo usiku fanya hivi. Osha uso kwa sabuni, kausha. Legeza mikanda yote mpaka barakoa ining'inie. Lala kabisa kama unavyolala, usivalie umekaa kitandani, maana uso wa mtu aliyekaa si uso wa mtu aliyelala, mashavu yanashuka. Washa mashine. Nyingi zina sehemu ya kujaribia barakoa, inapuliza kwa nguvu kama ya usiku wa manane, itumie hiyo. Sasa shika barakoa kwa mbele, ivute kutoka usoni kama upana wa kidole, acha silikoni ifure, halafu irudishe taratibu. Anza na mikanda ya chini, kulia na kushoto pamoja, kidogo kidogo, hadi mlio ukome. Kisha ya juu. Mlio ukikoma wacha hapo hapo. Kidole kimoja au viwili viweze kupita chini ya mkanda.

Vaselini acha. Silikoni haishiki penye mafuta, inateleza, na hayo mafuta yanaiharibu. Isitoshe si kitu cha kukaa puani huku unapulizwa upepo usiku mzima. Kidonda kikaonwe na mhudumu wa zahanati akuwekee kifuniko laini cha vidonda vya mgandamizo. Kikichimbika hapo kwenye mfupa hakuna nyama ya kukikinga.

Na lori, kaka yangu. Usingizi wako bado haujakaa sawa. Usiingie barabarani mpaka daktari wako aone ripoti ya mashine.

---

Mzee wa Bububu, Unguja

Mwanangu Baba Rukia, pole. Mimi nna miaka 67, mashine naitumia mwaka wa sita sasa, na ndevu zangu zi nyeupe zipo pale pale.

Nesi kakwambia kweli tupu. Mimi nakuongezea ya ndevu. Barakoa ya kufunika mdomo lazima ikae chini ya mdomo na kuzunguka kidevu, na huko kwako ni msitu. Silikoni haiwezi kuziba juu ya nywele, kila unywele ni mfereji wa upepo. Kijana wa dukani kakosea kusema hakuna njia nyingine. Zipo barakoa za pua peke yake, zinakaa kati ya mdomo wa juu na mfupa wa pua. Zipo nyingine ndogo zaidi, vijipira viwili vinaegemea kwenye tundu za pua basi, havigusi hata ule mfupa wako wenye kidonda. Mimi natumia hizi. Ndevu haziguswi. Ila masharubu yapunguze, yawe mafupi sana hapo chini ya pua. Na hilo, alhamdulillah, ni sunna hiyo hiyo: masharubu hupunguzwa, ndevu huachwa.

Lakini barakoa ya pua inataka pua. Kama pua yako imeziba utafungua mdomo usingizini na upepo wote utatokea huko, utaamka ulimi umekauka kama ubao. Jipime mchana: funga mdomo, pumua kwa pua robo saa nzima ukisoma gazeti. Ukishindwa, muone daktari wa pua kwanza. Mie huosha pua kila usiku baada ya Isha kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba. Miezi mitatu ya mwanzo nilifunga na mkanda wa kitambaa chini ya kidevu kuushika mdomo. Baadae mdomo ukazoea wenyewe.

Sasa kitu ambacho hukukitaja, na mie nataka kujua. Unalala ndani ya chandarua? Mpira wa mashine unapita wapi?

Nauliza kwa sababu mimi mwaka mzima wa kwanza nilidhani barakoa mbovu, kumbe chandarua. Mpira ulikuwa unapita chini, nimeuchomeka na chandarua chini ya godoro mbu wasiingie. Nikigeuka upande wa ukutani mpira unakatalia pale, unaivuta barakoa upande mmoja kama ng'ombe anavyovutwa na kamba. Saa za mwanzo mtu hageuki sana, ndio maana unaona vizuri, kisha usiku wa manane inaharibika. Dawa yake ni kuupitisha juu. Chandarua changu ni cha duara, kina pete kule kilipotundikwa. Nimefunga utepe wa kitambaa kwenye ile pete, mpira unapanda kutoka kwenye meza, unaingia kwa juu penye mwanya, unaning'inia juu ya kichwa changu na kuacha kipande cha kutosha kugeukia pande zote. Ule mwanya nimeukusanya kwa lastiki, hata mbu mmoja hapiti.

Saizi nayo ipime. Barakoa ya uso hupimwa kuanzia mfupa wa pua hadi chini ya mdomo wa chini, upana wa mashavu haumo. Kubwa mno inapanda machoni, na wewe jicho linakuwasha.

Mashine yangu ni ya ResMed, hiyo mpaka wake wa kuvuja ni lita 24 kwa dakika, ukivuka inakununia. Mimi asubuhi nasoma 6, nasoma 8. Za kampuni nyingine huhesabu pamoja na upepo wa vile vitundu, kwa hiyo namba yake huwa kubwa na si ya kuogopa. Usilinganishe namba yako na ya mtu mwenye mashine nyingine.

---

Dada Neema, Minneapolis

Kaka pole na hongera kwa kumwambia tajiri ukweli. Baba yangu mdogo alikuwa dereva pia, hakupata nafasi hiyo.

Naongeza machache. Silikoni huchoka. Huku Marekani bima ya wazee, Medicare, inalipia silikoni mpya ya barakoa ya uso kila mwezi na mikanda kila miezi 6. Najua nyumbani hatuwezi kwenda hivyo, vipuri vinatoka mbali, kwa hiyo ile uliyonayo itunze. Ioshe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, bila spiriti, bila jiki, ianikwe kivulini. Jua linaikakamaza. Ikianza kuwa ya njano, au ule utando wa nesi ukilegea hauchezi tena, hakuna mkanda utakaoisaidia.

Kwa dada zangu wanaosoma hapa: kama umesuka, mikanda inatelezea juu ya rasta usiku, na ukifunga kitambaa cha hariri ndiyo inakimbia kabisa. Mimi navaa barakoa kwanza, mkanda wa nyuma unakaa chini ya kisogo kabisa, kitambaa kinakuja juu ya mikanda, si chini yake. Misuko nashusha chini, siweki fundo nyuma ya kichwa. Ilinichukua miezi kugundua, na hakuna mtu kliniki aliyewahi kuniuliza kuhusu nywele zangu.

Joto la Tanga nalikumbuka. Jasho likikusumbua, kata kipande cha fulana kuukuu ya pamba kwa umbo la silikoni, toboa katikati, weka kati yake na ngozi. Kinanyonya jasho na kukinga ngozi. Kifue kila siku.

---

Baba Rukia, Tanga

Nimerudi. Leo ni usiku wa kumi na moja tangu mliponijibu. Allah awalipe, nasema kwa moyo wangu wote.

Plasta niliibandua dakika ile ile, nesi. Nilikuwa nimekaa kibarazani na simu, nikainuka. Kichwa hakijauma tena hata siku moja.

Usiku huo nikamwita mke wangu aje na tochi. Nililala chali kama ulivyosema, yeye akawa anasikiliza upepo kwa mgongo wa mkono, anapitisha pembeni mwa barakoa kama mtu anayetafuta pancha kwenye mpira wa baiskeli. Tulilegeza mikanda yote. Ile ya chini nilikuwa nimeikaza hadi mwisho wa kinato. Nikaivuta barakoa, ikafura, nikairudisha. Juu ya pua ikanyamaza kabisa, na mikanda imelegea hata nikaogopa itadondoka. Wiki tano nimejitia kidonda bure. Chini kwenye ndevu iliendelea kulia, ila kidogo.

Mzee wangu wa Bububu, umejuaje la chandarua? Chetu ni cha pembe nne, hakina pete, nikagongomea msumari kwenye boriti na kushusha kamba ya katani yenye kitanzi. Mke wangu akashona mfuko wa kitenge kuzunguka mpira pale unapopita ili mbu wasipate njia. Nimegeuka nitakavyo usiku mzima.

Saizi: nilipima kwa rula, nikampigia mdogo wangu Muscat akauliza duka alilonunua. Wakasema vipimo vyangu ni vya saizi ya kati. Ikabidi niseme naye vizuri kwa sababu alijisikia vibaya, alinunua kwa mapenzi. Ametuma ya pua. Imefika juzi. Masharubu nimepunguza, ndevu zipo.

Usiku wa kwanza wa ya pua mdomo ulifunguka, koo likakauka. Wa pili nikafunga kidevu kwa kitambaa. Kioo asubuhi: lita 19, na pumzi kukatika mara 4 kwa saa. Kutoka 41. Niliamka kwa adhana, sikuamshwa. Kitangi kilikuwa na maji nusu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza nyumba, mke wangu alikuwa pale pale ubavuni mwangu, amelala. Amerudi chumbani tangu Jumapili.

Jumatatu napeleka ripoti kwa daktari. Akiniruhusu, swali langu linalofuata ni la kabini. Nalala Korogwe au Same njiani, kitanda cha lori hakina boriti wala msumari. Kuna dereva humu aliyewahi?

---

Nesi wa Likoni, Mombasa

Kaka nimefurahi mno. Mpe mkono mama Rukia, kwa ule mgongo wa mkono na kwa mfuko wa kitenge. Kidonda cha pua kimefunga? Na ukifika kwa daktari mwambie kuhusu mdomo kufunguka, asione tu namba nzuri akakuacha.

---

Baba Rukia, Tanga

Kimekauka, kimebaki alama nyeusi. Nitamwambia.

---

Suka wa Himo, Kilimanjaro

Mkubwa, mimi nalala na mashine kabini mwaka wa pili. Ile kulabu ya kutundikia koti nyuma ya kiti, funga kamba kutoka hapo hadi kishikio cha kupandia upande wa utingo, ikatize juu ya kitanda. Mpira uteleze juu ya kamba kwa pete ya pazia. Mashine iweke chini ya usawa wa kichwa, maji yakirudi kwenye mpira yasikuingie puani. Umeme wa lori ni volti 24, usiunge waya kienyeji hata fundi akikuhakikishia. Tafuta kifaa chake cha kuungia kwenye gari, wanaouza mashine wanacho. Na feni usiielekeze usoni, baridi ya Same alfajiri inageuza mvuke kuwa maji ndani ya mpira. Mimi naufunika kwa soksi ndefu za mpira wa miguu, nimezikata mbele nikaziunganisha.

Ukipita Himo niite, nikuonyeshe.